Lubumbashi–Guangzhou kupitia Addis Ababa: kilomita hazina shida, chunga saa

Ukiuliza kikokotoo chochote cha intaneti umbali wa kutoka Luano, uwanja wa Lubumbashi, hadi Baiyun, uwanja wa Guangzhou, jibu linakuja papo hapo: kilomita 10,090 hivi, au maili 6,270, na chini yake muda wa safari, saa 13. Kilomita ni za kweli. Zile saa 13 ni za ndege isiyokuwepo, kwa kuwa hakuna inayopaa Lubumbashi na kwenda kutua Guangzhou moja kwa moja. Kikokotoo kimechukua mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kikaugawa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Mfanyabiashara wa soko la Kenya (Kenya ya hapa mjini, si ile ya Nairobi) hasafirishwi na mstari huo, anasafirishwa na tikiti. Kwa hiyo tunaipima hapa njia iliyozoeleka, ile ya Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, kwa kilomita zake, saa zake na mahali inapokwama.

Tuanze na ramani, maana ndiyo inayowatia watu wasiwasi bure. Luano hadi Bole, uwanja wa Addis, ni kilomita 2,605. Bole hadi Baiyun ni 8,040. Jumla 10,645, yaani umezidisha kilomita 550 tu juu ya mstari ulionyooka, mwendo wa dakika 40 hivi angani. Kwa safari ndefu namna hiyo, ni mzunguko mdogo sana. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua tovuti ya Great Circle Mapper, ni ya bure, uandike FBM-ADD-CAN (herufi za viwanja vya Lubumbashi, Addis na Guangzhou) kwa vistari hivyo hivyo. Itakupa kila kipande peke yake pamoja na jumla. Angalia tu kipimo ulichochagua. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609 na maili ya baharini, ambayo marubani huitumia, ni 1.852. Mtu akikwambia Guangzhou iko mbali "maili 5,450" na mwingine "maili 6,270", wote wawili wanasema kweli.

Sasa linganisha na njia nyingine. Kupitia Nairobi ni kilomita 1,545 kisha 8,680, jumla 10,225. Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka, na kwa ramani peke yake inaishinda Addis kwa kilomita 400 na zaidi. Kupitia Johannesburg unaanza kwa kushuka kusini kilomita 1,620, halafu unarudi kupanda. Hata kama ungepata ndege ya kutoka kule moja kwa moja hadi Guangzhou, jumla ingepita 12,200. Na kuna wanaokwenda kwanza Kinshasa kwa sababu wameona bei nzuri ya kutoka N'Djili, uwanja wa kule. Hao wanaruka kilomita 1,550 kuelekea magharibi, kisha karibu 2,990 kurudi mashariki hadi Addis, ndipo waanze safari ile ile ya wenzao. Wameongeza kilomita 1,900 na zaidi, Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege) ya safari za ndani, na pengine usiku mmoja wa hoteli. Kama huna shughuli nyingine Kinshasa, bei hiyo nzuri hupotea kabla hujafika Uchina.

Mbona basi tusiseme Nairobi ndiyo bora, ikiwa ni fupi? Kwa sababu kilomita 400 ni nusu saa, na kusubiri ndege ya kuunganisha kunaweza kuwa saa 3 au saa 15. Hapo ndipo Addis inapopata alama zake. Ratiba ya Bole imepangwa kwa mawimbi: asubuhi ndege za kutoka Asia na Ulaya zinatua, na baada ya saa chache ndege za miji ya Afrika zinaondoka, jioni ndege za Afrika zinarudi, na karibu na usiku wa manane zile kubwa zinapaa kuelekea Asia, Ulaya na Marekani. Ndege ya Lubumbashi imo ndani ya wimbi hilo. Ukipata siku ambayo mawimbi yanakutana vizuri, unasubiri saa 3 hadi 5. Kupitia Nairobi, siku zisipokutana, unalala njiani, na ule ufupi wa ramani haukusaidii kitu.

Hesabu ya muda ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa hiyo tuifanye taratibu kwa mfano. Saa tunazoandika ni kama zinavyoandikwa kwenye tikiti, za mahali husika. Ratiba hubadilika kila msimu, lakini hesabu ni ile ile.

Kwenda: unatoka Luano 14:00, unatua Addis 18:40. Kwa macho ni saa 4 na dakika 40, lakini Addis iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, kwa hiyo umeruka saa 3 na dakika 40. Unasubiri hadi 23:30. Kipande cha pili ni saa 10 hivi, na Guangzhou iko mbele ya Addis kwa saa 5, kwa hiyo unatua 14:30 kesho yake. Mtu anayetoa 14:00 kwenye 14:30 ya kesho anapata saa 24 na nusu, anapiga kelele. Ukweli ni 3:40 angani, 4:50 kusubiri, 10:00 angani tena: saa 18 na nusu.

Kurudi: unaondoka Guangzhou 00:30, unatua Addis 06:15, unaondoka 09:30, unafika Luano 12:10, tarehe ile ile. Kwa macho ni saa 11 na dakika 40, na ajansi nyingine hutangaza hivyo hivyo bila aibu. Ukweli ni 10:45, kisha 3:15, kisha 3:40, jumla saa 17 na dakika 40. Tofauti ya saa kati ya Lubumbashi na Guangzhou ni 6: wakati wa kwenda unaziongeza bila kujua, wakati wa kurudi unazipunguza bila kujua. Njia ya mkato, kama hutaki kujisumbua na saa za nchi: jumlisha muda wa macho wa kwenda na wa kurudi, gawanya kwa mbili. Hapa ni 24:30 na 11:40, nusu yake 18:05. Huo ndio wastani wa safari yako ya upande mmoja, na hauwezi kudanganya. Itumie kupima tikiti mbili za ajansi mbili kabla hujatoa dola.

Mkaaji wa Lubumbashi akumbuke pia kwamba nchi yetu yenyewe ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma ya Katanga kwa saa moja. Tikiti ya kupitia N'Djili itaonekana fupi wakati wa kwenda Kinshasa na ndefu wakati wa kurudi.

Ile 00:30 ya Guangzhou nayo ina mtego wake, na unakamata watu kila msimu. Tikiti ikisema tarehe 20 saa 00:30, unatakiwa uwe uwanjani tarehe 19 jioni, kama 21:30. Anayelala hotelini usiku wa 19 akijua anaondoka "tarehe 20" anaamka ndege imeshaondoka. Ukiachwa na ndege bila kulijulisha shirika, hesabu faini ya kutofika, tofauti ya bei ya tikiti mpya, na mara nyingi kipande cha Addis–Lubumbashi nacho kinafutwa chenyewe, kwa kuwa vipande hutumika kwa mpangilio.

Kwa nini muda wa angani wa kurudi ni mrefu kuliko wa kwenda, wakati kilomita ni zile zile? Ni upepo. Mstari wa Addis–Guangzhou unapita juu ya Ghuba ya Aden, unaingia India karibu na Mumbai, unatoka karibu na Kolkata, unakata Myanmar kaskazini ya Mandalay, kisha Yunnan. Miezi ya Desemba hadi Februari, upepo mkali wa juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye sehemu kubwa ya njia hiyo. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakupiga usoni, na tofauti inaweza kukaribia saa nzima au kuipita. Juni hadi Agosti, wakati wa masika ya India, upepo wa juu wa kule kusini huvuma kinyume, kutoka mashariki, kwa hiyo tofauti hupungua. Ongeza kwamba ndege hazifuati mstari ule kwa uaminifu: mashirika hukwepa anga za vita, Yemen ikiwemo, na hukwepa ngurumo juu ya Ghuba ya Bengal. Ndiyo maana kikokotoo kinachotumia mwendo wa kilomita 900 kwa saa kikisema saa 9 na nusu kwa kipande hicho, tikiti inasema 10, na tikiti ndiyo ya kuamini.

Kuhusu ndege zenyewe. Kipande cha Luano hupewa ndege nyembamba ya aina ya 737, viti vitatu huku na vitatu kule, mwendo wa kilomita 830 hivi kwa saa. Kipande cha Guangzhou ni ndege pana, yenye kukaribia 900 kwa saa. Ethiopian ilikuwa ya kwanza Afrika kupokea Boeing 787, mwaka 2012, na Airbus A350, mwaka 2016. Kama una uchaguzi wa tarehe, angalia aina ya ndege kwenye tikiti na uchague moja ya hizo mbili: hewa ya ndani hubanwa kwa kiwango cha mwinuko wa kama mita 1,800, wakati ndege za zamani hufika karibu mita 2,400. Kwa saa 10 za usiku, koo na kichwa huona tofauti.

Mwinuko wa Addis una habari yake. Bole iko mita 2,330 juu ya bahari, Luano yenyewe 1,300. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu ndogo, kwa hiyo ndege haiwezi kupaa na uzito wake wote. Ndiyo sababu ndege za Addis kwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani kuongeza mafuta, zikipitia miji kama Lomé au Dublin, wakati wa kurudi baadhi zinakuja moja kwa moja. Kwa Guangzhou, kilomita 8,040 hazifiki huko. Ndege inapaa na mafuta ya kutosha bila kusimama. Kwa msafiri mwinuko huo una maana moja tu: usiku wa Addis ni baridi kama Julai ya Lubumbashi, na sweta lisiwe ndani ya mzigo mkubwa.

Muda wa kuunganisha. Wengine hutafuta kusubiri kufupi kuliko kote, na hapo tunatofautiana nao. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua za Lubumbashi hupenda kunyesha mchana na jioni, saa zile zile ambazo ndege inatakiwa kupaa, na ngurumo moja juu ya Luano inakula dakika 60 hadi 90. Kuunganisha kwa saa moja na nusu ni kucheza kamari. Saa 3 ni salama, saa 5 zinachosha lakini hazina hatari. Kama ukisubiri zaidi ya saa 8, na hakuna ndege ya mapema zaidi ya hapo, shirika kwa kawaida hutoa hoteli na chakula. Muulize ajansi kabla ya kulipa, akuandikie, kwa sababu bei nyingine za chini kabisa hazimo.

Jambo lenye thamani kuliko yote hayo: vipande vyote viwe kwenye tikiti moja. Mvua ikichelewesha kipande cha kwanza, mwenye tikiti moja anawekwa kwenye ndege inayofuata bila kulipa. Mwenye tikiti mbili alizounganisha mwenyewe ili aokoe dola 80 anahesabiwa kuwa hakufika, na Addis ananunua upya kwa bei ya siku hiyo.

Na tikiti iwe tikiti kweli. Zile herufi na tarakimu 6 ambazo ajansi anakutumia kwenye simu ni namba ya nafasi uliyowekewa tu, inaweza kufa yenyewe baada ya siku moja au mbili kama hakulipia. Tikiti ina namba yenye tarakimu 13, na za Ethiopian huanza na 071. Usiondoke ofisini bila kuiona. Kisha fungua tovuti ya shirika lenyewe, andika namba na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, uone vipande vyote vinne vipo. Majina yetu ni matatu: jina, postnomu (lile linalofuata jina la ukoo) na jina la ubatizo; yakipinduliwa kwenye tikiti, yarekebishwe pale pale ajansini, si Luano.

Siku ya safari fika saa 3 kabla. Dirisha hufungwa saa moja kabla ya ndege kupaa na halifunguliwi kwa machozi. Beba kadi ya njano ya chanjo, ya kweli. Go-Pass ya safari za nje imekuwa dola 50, za ndani 10. Muulize ajansi kama imo kwenye tikiti au utailipa dirishani. Dola ziwe safi, maana noti iliyochanika hata ukingo, au ya miaka ya zamani, itakataliwa, na kutafuta wa kukubadilishia pale ni kupoteza dola tano na dakika ishirini.

Mizigo: kwa tikiti nyingi za Afrika na Uchina ni miwili ya kilo 23, kila mmoja usizidi sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina. Soma kwenye tikiti, utaona 2PC, yaani mizigo miwili. Kilo 46 katika mfuko mmoja si sawa na 23 mara mbili. Kilo 30 ndani ya mfuko mmoja ni malipo ya ziada hata kama mwingine una 16. Kijana wa dirishani akishabandika karatasi kwenye mzigo, isome kabla haujaondoka kwenye mkanda. Herufi kubwa tatu ziwe CAN. ADD iandikwe tu kama mahali pa kupitia, pamoja na namba ya ndege ya pili. Ikiwa ADD ndiyo herufi kubwa, mzigo wako utabaki unazunguka Addis, mwambie abandike upya hapo hapo. Vipande vya risiti viwe viwili, kila kimoja na namba ya tarakimu 10, na uvipige picha.

Betri za kuchajia simu zinakaa mkononi, kamwe si ndani ya mzigo. Kikomo ni saa-wati 100. Ile ya 20,000 mAh ina 74, haina shida. Lakini kuanzia 28 Juni 2025, ndege za ndani ya Uchina hukataa betri isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya Uchina, na nyingi zinazouzwa hapa mjini hazina. Anayeshukia Guangzhou na kupanda ndege nyingine kwenda mji mwingine ataiacha kwenye sanduku la askari.

Wanaokwenda Yiwu, mji wa soko la jumla la vitu vidogo, wafikirie kwanza kama Guangzhou ndiyo mahali pa kushukia. Addis hadi Shanghai ni kilomita 8,830, kama 800 zaidi, saa moja angani. Lakini kutoka Shanghai treni ya mwendo kasi hadi Yiwu ni kama saa 2, wakati kutoka Guangzhou ni sehemu kubwa ya siku. Kwa nguo, viatu na vipuri vya simu, Guangzhou. Kwa vitu vidogo vidogo vya dukani, hiyo saa moja ya ziada inajilipa.

Bei hupanda na viti huisha nyakati za maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayoanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Karibu na mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, viwanda hufungwa na utakuta milango ya chuma imeshushwa. Wiki ya tatu baada ya sikukuu hiyo ndiyo nzuri: viwanda vimerudi kazini, maonyesho bado, na siku za wiki, Jumanne na Jumatano hasa, tikiti huwa na unafuu.

Kuna pia wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupandia ndege Ndola, Zambia. Kwenye karatasi inaokoa Go-Pass, na tikiti wakati mwingine ni nafuu. Barabara hadi mpakani ni kama kilomita 95, kisha foleni ya malori ya shaba, kisha Copperbelt nzima, ule mkoa wa shaba wa Zambia. Wakati wa kwenda, kama unalala Ndola usiku mmoja kabla, inawezekana. Wakati wa kurudi na mizigo miwili ya kilo 23, ushuru wa Kasumbalesa utakuhesabia kila kitu upya, na dereva wa teksi naye atataka malipo ya kila saa aliyosimama foleni.